Ndoo Tatu za Bia

Kaka yangu,

Sisi wazima, ila jikoni hapapitiki. Yale maua ya hopi uliyonitumia, aina tatu, nimeyatia kwenye bia yangu: kimea kilekile, hamira ileile, kila ndoo na ua lake, nione lipi linaleta uchungu gani. Nina furaha hadi usingizi hauji. Ndoo moja inanukia maganda ya chungwa, nyingine msitu baada ya mvua, na ya tatu hata sijui niifananishe na nini.

Kumbe mama, kwa usafi wake, ameosha vifuniko vyote kwa sabuni. Majina niliyoandika kwa chaki yameenda na maji. Nilitaka kulia, yeye akaniambia, "Mwanangu, bia ni bia."

Baba akaja kuchungulia. Unajua tangu mkosane hajakutaja, na hapa hakuna anayethubutu. Alionja ya kwanza akakohoa. Ya pili akaionja mara mbili. Ya tatu akaimaliza, akalamba mdomo, akauliza hilo ni ua gani. Nikamwambia silijui, na anayeweza kulitambua kwa kunusa tu hayupo nyumbani.

Alizungusha glasi tupu kwa kitambo.

"Basi mwite mwenye pua yake," akasema. Kisha akaenda kufungua chumba chako, akatoa godoro, akalianika juani mwenyewe.

Chupa za ndoo ya tatu nimekufichia. Fanya haraka, maana baba ameshaanza kuzinyemelea.

Dada yako, mpika bia