Mpaka wa Mikuyuni Kusini Niliuchora Mimi

Mpendwa Kalekye, mwiitu wa mwaitu, binti wa mama yangu,

Niko na miaka themanini na moja. Nimewazika wabunge watatu, machifu wanne, na daktari mmoja aliyesema sitafika sitini. Halafu nikalizika jimbo lenyewe la Mikuyuni Kusini. Watu huzika watu. Mimi nimezika jimbo. Na wewe pia nimekuzika, lakini hiyo sijivunii. Ulikuwa mdogo wangu, ungengoja zamu yako.

Naandika kwa mkono wangu. Watoto walitaka kuniandikia, nikakataa. Darasa la pili la zamani lilikuwa na viboko vingi, kwa hivyo lilikuwa na elimu nyingi. Nikimaliza, karatasi hii itabandikwa pale nje ya ofisi ya chifu, kila mtu aisome. Kuna neno uliniagiza niwaambie watu, na nimelikalia mwaka mzima kama kuku.

Vijana hawajui kwamba bonde lenu na mlima wetu vilikuwa jimbo moja, hilo nililolizika. Wewe unakumbuka. Mbunge wa kwanza alikuja kuomba kura na baiskeli, akala isyo, mahindi na maharagwe ya mama, akasifu chumvi. Wa pili alikuja na gari la Pijo, hakushuka. Wa tatu tulimwona zaidi kwa picha kuliko kwa macho. Na wote watatu walitoka kwenu bondeni, kwa watu wa bwanako, kwa sababu mko wengi kama siafu. Ule mwaka wa kura ya mlolongo, ulisimama nyuma ya mtu wenu na mimi nyuma ya mtu wetu, ukanipungia mkono kutoka kwa laini yenu. Ya kwenu ilizunguka shule. Ya kwetu hata mbuzi angeiruka. Nilirudi nyumbani nikiwa nimevimba, na sikuusahau ule mkono.

Sasa silanga, lile bwawa letu la maji. Ile njaa ya themanini na nne ndiyo ilifanya ichimbwe, hapa upande wetu wa mto kwa sababu hapa ndipo udongo unashika maji. Wanawake wa mwethya, kile kikundi cha kusaidiana kazi, wa pande zote mbili waliichimba, na wewe ndiwe ulikuwa kiongozi. Ulipima ukuta kwa hatua, kila mwanamke akapewa hatua tano zake, akajaza udongo kwa karai na kushindilia kwa miguu. Sisi wanaume tulifika siku ya kuchinja mbuzi, kazi ikiwa imeisha. Nilitoa hotuba. Ilikuwa hotuba nzuri.

Halafu kabla ya uchaguzi wa tisini na saba wakaja watu wa mipaka kutoka Nairobi, wakakaa kwa holo ya soko wakiwa na ramani. Jimbo litagawanywa, walisema, nyinyi wananchi toeni maoni. Mwalimu mkuu alikuwa ameandaa karatasi safi: mpaka upite kwa barabara ya zamani, kule mbele, ng'ambo ya kijiji chenu. Nikafikiria haraka. Kwa barabara, kijiji chako kingebaki na sisi, na nyinyi mko wengi, mbunge angetoka kwenu tena. Nikasimama kabla mwalimu hajakaa. Nikasema mpaka ni mto. Mto uliwekwa na Mungu, barabara iliwekwa na greda, tufuate nani? Watu wakapiga makofi. Mkubwa wao akaangalia ramani akasema mzee ameongea. Na wakapitisha mto. Mimi, wa darasa la pili, nilikata nchi ya Kenya kwa mdomo.

Tukapata jimbo letu na mbunge wetu. Kwa shukrani nikafanywa mwenyekiti wa kamati ya silanga. Haikupita mwezi, diwani wetu mpya akaamuru silanga izungushiwe miiba. Wanawake wenu walipokuja na punda, vijana wa langoni wakawaambia nyinyi ni wa jimbo lingine, mwambieni mbunge wenu awachimbie yenu. Wakarudi na mitungi mitupu.

Asubuhi ya pili ulikuja mwenyewe, na wanawake kama arobaini nyuma yako. Hawakuwa na mitungi. Walikuwa na majembe.

"Mwenyekiti," ukaniita. Hukusema ndugu. "Maji hatutaki. Tumekuja kuchukua udongo wetu."

Nikauliza udongo gani.

"Ule tulibeba. Hatua tano zangu zinaanza hapa kwa jiwe zinaishia kwa hatua za Ndunge. Maji ni ya jimbo lenu, mbaki nayo."

Vijana wakacheka. Kila mwanamke akatembea mpaka kipande chake, bila kuuliza mwingine, kama mtu anayeingia kwake. Ukainua jembe ukapiga mara moja, na bonge likaanguka. Kicheko kikaisha. Nikaivuta ile miiba kwa mikono yangu, kovu liko hapa kwa kidole gumba, na nikawaambia vijana walete karai turudishe lile bonge. Diwani alinipigia kelele wiki nzima. Miiba haikurudi tena, na mpaka leo punda wa pande zote mbili hunywa pale.

Ingekuwa imeisha hapo. Lakini siku ile, kabla ya kuondoka, uliniuliza mbele ya watu, polepole:

"Kule kwa holo, ulijua silanga itabaki huku?"

Nami nikajibu, "Mimi sifanyi kitu bila kujua."

Miaka tisa, Kalekye. Ulikuja kwa mazishi ya mke wangu, ukapika, ukaosha sufuria, ukasalimia kila mtu isipokuwa mimi. Ukichinja, nyama yangu ililetwa na mtu mwingine. Watu wa mlimani walinisifu kwa jibu lile, ati mzee anaona mbali. Nami nilivaa sifa hiyo kama koti la mtu mwingine. Inabana, lakini nani atavua sokoni?

Basi sikilizeni nyote mnaosoma hapa. Sikujua. Nilikuwa nahesabu kura, sikuhesabu mitungi. Silanga haikupita kwa kichwa changu hata kama nzi. Nilisema mto kwa sababu nilikuwa bado na hasira ya ile laini ndefu. Na ulipouliza, niliona njia mbili: nionekane mbaya au nionekane mjinga. Nikachagua mbaya. Mbaya anaogopwa, lakini mjinga hata mbuzi zake hazimsikii.

Nilikwambia hayo ukiwa umelala hospitalini Machakos, umekonda, umegeukia ukuta. Niliongea na mgongo wako. Nilipomaliza, blanketi likaanza kutikisika. Nikadhani unalia. Ulikuwa unacheka, mwiitu wa mwaitu, mpaka nesi akaja kuuliza ni nini.

"Miaka tisa nimebeba ndugu mbaya," ukasema, "kumbe ni mjinga tu. Mjinga angesamehewa siku ileile, tungekunywa chai." Ukageuka ukaniangalia. "Waambie watu."

Nikasema watanicheka.

"Wacha wacheke. Mimi nimecheka na sijafa."

Ulirudi nyumbani, ukaishi mpaka mavuno. Miezi minne tulikula isyo kwa sahani moja na ukaniita mjinga kila siku, na kila siku nilishiba. Siku ile ilipofika nilikushika mkono nikiwa sina kitu cha kukuficha. Nimezika wengi, wewe peke yako nimekuzika bila mzigo mgongoni. Sasa nimewaambia na watu, na leo asubuhi nimeamka mwepesi, nikalima mistari miwili kabla ya chai. Mtu wa umri wangu hapa Mikuyuni anayeweza hivyo hayuko.

Pumzika vizuri. Salimia mama, na usimwambie yote.

Kama kuna mtu atasema nimeitunga hii ili nionekane mnyenyekevu, aende kwa Mama Mutuku, mke wa mwanao. Alikuwa amekaa kwa kitanda chako na chupa ya uji, akasikia kila neno. Alicheka kukushinda wewe, na uji akaumwaga.

Ni mimi ndugu yako, mwana wa mwaitu