Mkeo Ameandikwa Shangazi Yako

Kwa mkono wa Abdalah mwenye duka,
Kasulu.
14 Agosti 1976

Mpendwa mjukuu wangu Leonidasi, mume wangu,

Pokea salamu zangu, zimejaa kikapu na nyingine zinamwagika njiani. Hujambo? Kile kikohozi cha vumbi la kiwanda kimekuacha? Unakula ukashiba, au bado unakunywa chai kavu na kusema umekula? Joto la Tanga silijui, lakini huku kwetu ukungu haujaondoka tangu juzi na goti langu la kushoto linalia kama bawaba. Mengine ni mazima. Ninalima, ninatembea, ninagombana na watu.

Mkeo Maximilla ni mzima. Tumbo limeingia mwezi wa saba na mtoto anapiga teke hasa wakati wa kula. Huyo ni wa kwetu.

Usiulize nani ameniandikia. Nimeandika mwenyewe. Shule sikuiona hata mlango wake, unajua, lakini kisomo cha watu wazima nimekaa miaka miwili pale chini ya bati la ghala, na sasa hakuna atakayenisomea barua yangu huku akiruka maneno. Siku nne ninaiandika hii, kwa hiyo isome taratibu.

Barua yako ilifika. Ulieleza kwamba kiwanda kimewawekea wafanyakazi bima ya matibabu, na mke wa mfanyakazi anatibiwa kwa kadi ya mumewe hata akiwa mbali, na hospitali ya misheni huku wanaikubali. Ukasema inatakiwa karatasi ya kijiji tu, yenye muhuri, kwamba Maximilla ni mke wako, kisha ofisi ya mjini nayo igonge muhuri wake. Ukamaliza, "Ni jambo dogo, Bibi." Jambo dogo! Leonidasi, njoo ulibebe wewe hilo jambo dogo, uone shingo yako itakavyokaa.

Na kurasa mbili zote hukuuliza hata mara moja mkeo analalaje. Nimekusamehe kwa sababu nakujua. Ukiogopa unaandika habari za mvua.

Nami naogopa. Mwaka jana hukuwepo. Mimi ndiye niliyemshika mabega siku tatu, na mtoto akatoka kimya. Daktari wa misheni alimpima juzi akaniambia wazi kwamba huyu wa sasa hazaliwi nyumbani. Nyonga zake ni nyembamba, atapasuliwa. Anataka awe amelazwa mwisho wa Septemba, kabla uchungu haujaanza, na aje na kadi yako. Kwa hiyo nilipokwenda kutafuta hiyo karatasi sikwenda kwa kupenda mihuri.

Nilianza kwa katibu wa kijiji, Athuman, kijana mpole mwenye kalamu tatu mfukoni na hakuna inayoandika. Akafungua kitabu cha kaya. Ni kile kile cha zamani. Tulipohamishiwa kwenye kijiji kipya nyumba zilibomolewa na mahindi yakaachwa shambani, lakini kitabu walikibeba kama yai. Akapitisha kidole, akakohoa, akaniambia hawezi kuandika karatasi ya namna hiyo. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Bibi, hili ni jambo la aibu, waulize wazee wa ukoo wako."

Nikakigeuza kitabu nikasoma mwenyewe. Jina langu, Kezia. Chini yake majina ya wanangu, la mwisho la marehemu baba yako, yote yamepigwa mstari. Chini yake, Maximilla, binti.

Ndiyo. Mkeo ameandikwa shangazi yako.

Sasa nikwambie kitu ambacho sikukwambia, na usinikasirikie kabla hujafika mwisho wa ukurasa. Mwaka sabini na mbili, watu walipokuwa wanavuka kutoka Burundi usiku na mchana, nilimkuta huyu msichana kwenye migomba yangu. Mkononi alikuwa na mwiko wa ugali. Alikuwa anasonga askari wa kwao walipokuja kuua, akakimbia na mwiko siku mbili asijue anaubeba. Hakuwa na mtu nyuma yake wala mbele. Wiki iliyofuata wakaja waandikishaji na malori, wanawachukua wakimbizi kuwapeleka kwenye makazi kule Tabora. Wakamuuliza, naye hakutoa sauti. Nikasema, "Huyo ni binti yangu, ana homa, mwacheni." Tharsisi, balozi wetu wa nyumba kumi, alikuwa amesimama pale pale. Akanitazama, akatazama mwiko, akasema, "Ndiyo, ni binti yake." Nikaweka dole gumba kwenye kitabu.

Nikasahau. Haki ya Mungu, nilisahau. Wewe ulipokuja likizo mwaka sabini na nne ukaanza kuchota maji ambayo hakuna aliyekutuma, mimi nilikuwa nawaza pombe ya harusi. Kitabu sikukiwaza. Nani anakumbuka dole gumba?

Nikaenda kwa Tharsisi aje aseme kweli. Ungemwona! Alianza kutafuta kofia iliyokuwa kichwani.

"Mama Kezia, unataka nivuliwe ubalozi?"

"Tharsisi, harusi ya Leonidasi ulikunywa mpaka ukalala kwenye rundo la mahindi. Ulidhani anamwoa shangazi yake?"

"Pombe ni pombe, kitabu ni kitabu."

"Na wewe ni wewe. Vaa viatu."

Akavaa. Lakini njiani alinung'unika kama chungu cha maharage, na tulipofika kwa Athuman ikawa Athuman naye hana uwezo wa kukata jina kitabuni. Twende mjini.

Kwenda Kasulu nimekwenda mara tatu. Mara ya kwanza mwenye ofisi yuko mkutanoni. Mara ya pili yupo, lakini muhuri umefungiwa kabatini na mwenye ufunguo amekwenda msibani. Nikamuuliza karani wa mlangoni kama na mimi nikifa wataninyima jeneza mpaka ufunguo urudi. Hakucheka. Nikalala kwa Abdalah, mkewe Zena akanikanda goti kwa mafuta ya moto. Ni watu wema wale, usije ukapita dukani kwao bila kusalimia. Asubuhi nikarudi kwenye benchi lile lile, ufunguo bado uko msibani, nikapanda lori la kahawa kurudi nyumbani.

Mara ya tatu nilikwenda na Maximilla na Tharsisi. Hapo tukampata karani mwenyewe wa vitabu, mtu mnene mwenye miwani ya kamba. Akauliza huyu mwanamke ni nani. Mimi nikajibu kama ninavyojibu siku zote, "Ni mke mwenzangu." Wewe si mume wangu? Karani akavua miwani.

"Bibi, kitabuni ni binti yako. Karatasi unayoomba inasema mke wa mjukuu wako. Sasa ni mke mwenzako. Nichague lipi?"

Tharsisi akaanza kucheka, mshenzi yule, na Maximilla akajifunika uso kwa kanga, nami sikujua analia au anacheka. Alikuwa anafanya yote mawili.

Basi nikasema. Niliona nikizunguka zaidi mtoto atazaliwa kwenye benchi lile. Nikamwambia karani kwamba nilidanganya, na nilidanganya kwa makusudi, na huyu ni Mrundi, alikuja na mwiko. Tharsisi akaacha kucheka.

Karani hakunifokea. Ningependa angefoka. Aliniita ndani, akanieleza polepole kama mtu anayepanga mayai. Akasema nimeweka mtego na nimeuingia mwenyewe. Maximilla akibaki binti yangu, hatoki hapa, lakini hawezi kuwa mke wako, na bima haimtambui. Akikatwa kitabuni, basi ni mkimbizi asiye na karatasi, na wakimbizi wana makazi yao Tabora. Ila mke wa Mtanzania anakaa kwa mumewe. Nikasema, "Sasa si mwandike mke?" Akasema mume lazima asimame mbele yake mwenyewe, aseme kwa mdomo wake, atie sahihi. Barua haitoshi, na bibi hatoshi.

Nikasema nimemlea huyo mume, nimemfuta kamasi, naweza kusema kwa niaba yake. Akasema, "Hapana, Mama." Alisema Mama. Kidogo nimpige.

Akanipa siku tatu za kuchagua. Sikuhitaji tatu. Kurudi kijijini na uongo wangu maana yake ni kumshika mabega tena siku tatu, nami mabega yale siyawezi. Nikasema, kata.

Akaleta wino mwekundu na rula. Leonidasi, nilizaa sita, na watano niliwazika kabla ya baba yako kufa. Kile kitabu kilikuwa na mstari kwenye kila jina la mwanangu isipokuwa la Maximilla. Nikamwambia karani, kata, lakini usikandamize. Akakata kwa mkono mwepesi. Kisha akanisogezea kidau cha wino nitie dole gumba kwamba nimekubali. Nikakisukuma. Nikaomba kalamu, nikaandika Kezia, herufi zote tano, na ile ya mwisho imetoka kubwa kuliko nyingine.

Faini watanitoza, na Tharsisi ataitwa kwenye baraza kujieleza. Hayo ni yangu na yake, wewe usiyaingilie.

Njiani kurudi Maximilla alisimama kwenye daraja la miti. Hapo akaniuliza, kwa lugha ya kwao, kama bado aniite Mawe, mama yangu, au sasa imekatazwa. Nikamwambia aniulize swali la kijinga kama hilo mara moja tu maishani, na mara hiyo ameshaitumia. Tukavuka.

Sasa sikiliza vizuri, mume wangu. Leo hii mkeo si binti wa mtu na si mke wa mtu. Kwenye karatasi zao hana mtu. Karani ameahidi kutomwandika kwa watu wa makazi mpaka tarehe kumi Septemba. Ukisimama mbele yake kabla ya hapo, siku hiyo hiyo anaandika mke, anagonga muhuri, nami nampeleka Maximilla misheni na kadi yako mkononi. Ukichelewa, lori litakuja kumchukua na tumbo lile.

Usiniletee habari za msimamizi na zamu. Mwambie msimamizi bibi yako amekufa, kama hiyo ndiyo likizo wanayotoa haraka. Mimi nimeshadanganya kwa ajili ya huyu msichana, naweza kudanganya tena. Ila wewe ukifika Kasulu sema kweli, na iseme kwa sauti.

Msalimie Pasikali unayekaa naye, na mkewe Kudra anayekupikia. Huku wanakusalimu Tharsisi, ingawa hanisemeshi, Abdalah na Zena, na Athuman wa kalamu tatu. Maximilla anakusalimu. Ameniomba niandike kwamba ule mwiko bado upo, anasongea ugali, na atakusongea.

Mungu akulinde kwenye treni, akuamshe Tabora ubadili treni usipitilize, akufikishe Kigoma na miguu yako yote miwili.

Mimi bibi yako na mke wako wa kwanza, nikupendaye hata ninapokugombeza,

Kezia

(Nimetia sahihi. Wewe njoo utie yako.)