Kabla ya Kufagia Mchanga

Daudi mjukuu wangu,

Huku South Beach tuko wazima. Shangazi yako iko salon tangu asubuhi. Lifti ya ghorofa yetu imekufa tena, na mimi tangu jana napanda na kushuka ngazi kama mtu aliyeibiwa. Ni barua yako, eish, hainiachi nikae.

Unasema huko Japani umeshindwa mapambano mengi, wakakushusha daraja la sumo. Mkanda mweupe wa wakubwa wamechukua. Vijana waliokuwa wakikutumikia, hata kukusugua mgongo bafuni, sasa unapika nao na kufagia nao uwanja wa mazoezi. Unauliza, "Babu, nirudi nyumbani?"

Mimi pia nilicheza mieleka, Bukavu, kabla ya mambo ambayo siyasemi hapa. Nilishinda msimu mzima, halafu nikaangushwa mara tatu mfululizo. Klabuni kwetu aliyeangushwa ndiye aliyefagia mchanga. Nikashika ufagio kwa hasira, nifute upesi niende zangu. Kocha akasema, "Ngoja. Soma kwanza."

Nikainama. Nyayo za mwenzangu aliyeniangusha zilikuwa za vidole, zimechimba. Zangu zilikuwa visigino vitupu. Pambano lote nilikuwa narudi nyuma, na ningeapa mbele ya padri kwamba nilikuwa nasonga mbele. Hata siku nilizoshinda, sijui mchanga ulisema nini. Sikuwahi kuutazama.

Kama tiketi umeshakata, njoo, kitanda iko. Kama bado, kesho wakikupa ufagio, usiharakishe.

Babu yako, wa kwenye ngazi