Kadi ya Rafu ya Kumi na Nne

Chumba cha Nyaraka,
Maktaba ya Chuo Kikuu,
Jumanne asubuhi.

Kwako Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta goti limekupa nafasi ya kupumua, na Mama bado anakufichia chumvi kama daktari alivyoagiza. Mimi ni mzima. Kikohozi cha vumbi kimenirudia, lakini hicho nilikirithi kwako pamoja na kazi, kwa hiyo silalamiki.

Maktaba haijabadilika sana tangu ulipostaafu. Lifti bado inagoma, na wanafunzi bado wanakuja kwenye dawati langu siku mbili kabla ya kukabidhi kazi, wakitaka niwatafutie kwa saa moja walichopaswa kukitafuta mwaka mzima. Ila mihadhara ya wazi ya kila Alhamisi imepata watu. Zamani ulikuwa ukisema wasikilizaji ni watatu na mmoja wao amelala. Siku hizi tunaongeza viti, na wanakuja hata watu wa mtaani.

Sasa nikwambie kilichonifanya nikuandikie. Kuna mwanafunzi mmoja ninayemwita Bi Kalamu, kwa sababu kila akiingia chumba cha nyaraka nalazimika kumnyang'anya kalamu ya wino na kumpa penseli. Anaandika tasnifu juu ya ule moto wa chumba cha kusomea, miaka thelathini na moja iliyopita, na wale wanafunzi tisa waliofukuzwa kwa madai kwamba ndio waliouwasha. Baba yake ni mmoja wa wale tisa. Siku hizi ni fundi saa, na binti yake alinieleza kwamba mpaka leo hapiti mbele ya lango letu. Huzunguka nyuma ya soko, jua liwake mvua inyeshe.

Bi Kalamu akajaza fomu ya kuomba boksi la moto huo. Nilikwenda rafu ya kumi na nne, nikakuta pengo, na ndani ya pengo kadi. Unaijua sheria hiyo, maana ndiyo ya kwanza uliyonifundisha: boksi halitoki rafuni mpaka kadi ikae mahali pake, ikiwa na jina la aliyelitoa na tarehe. Jina lilikuwa lako. Tarehe ilikuwa wiki moja baada ya moto. Pale panapoandikwa nani amelirudisha, palikuwa patupu.

Nilimwambia Mkurugenzi wa maktaba kwamba boksi halipo. Hakushtuka hata kidogo, na hapo ndipo niliposhtuka mimi. Alisema liliharibiwa na maji bomba lilipopasuka, akanipa karatasi iliyokwisha kuchapwa nitie sahihi kuthibitisha, jina la chuo lisije likachafuliwa. Nikamjibu kwamba bomba lilipasuka ghorofa ya pili, sisi tuko ya nne, na maji ninayoyajua mimi hayapandi ngazi. Akaniambia niuchunge ulimi wangu. Akafuta kwenye ratiba mhadhara wa Alhamisi hii, ambao Bi Kalamu alipangiwa kuutoa kuhusu moto huo, na kung'oa tangazo lake mlangoni. Nikabandika jingine, akang'oa. La tatu nimelibandika kwa ile gundi ya kujalidia vitabu unayoijua wewe. Akilitaka, ang'oe na mlango. Sasa ameahidi kunihamishia stoo ya magazeti ya zamani. Na anihamishe. Nimekulia kwenye makaratasi, panya hawanitishi.

Baba, nilipokuja kuwasalimu wiki mbili zilizopita, sikuja kwa ajili ya goti lako. Ulipokwenda kuoga nilifungua lile sanduku la bati lililo chini ya kitanda, ambalo tangu utotoni tulikatazwa hata kuliegemea. Boksi lilikuwa chini ya makoti ya baridi. Mama alinikuta nalo mlangoni. Alinipa shuka ya kulifunikia, akaniambia niwahi basi.

Nimelisoma lote. Ripoti ya fundi umeme imo, na inasema wazi kwamba moto ulianzia kwenye waya uliochakaa ukutani, na kwamba uongozi ulikuwa umeonywa mara mbili. Hakuna mwanafunzi aliyewasha kitu. Imo pia barua fupi ya kukuamuru uliteketeze boksi hilo. Hukuliteketeza. Nimelia kwa ajili ya hilo, na kwa hilo nakuheshimu. Ulikuwa na watoto wanne na nyumba ya chuo, uliogopa, naelewa. Tena ukaacha kadi! Mwizi gani huyo anayeacha jina lake na tarehe?

Lakini waliokuamuru walishaondoka zamani, Baba. Baada ya hapo ulinyamaza kwa hiari yako, na fundi saa akaendelea kuzunguka nyuma ya soko. Hilo limenikasirisha na hasira yenyewe bado ninayo. Wewe ni baba yangu na nakupenda, ila sitakufichia.

Boksi limerudi rafuni tangu jana. Nakala anazo Bi Kalamu, na nyingine ziko kwa watu ninaowaamini, kwa hiyo Mkurugenzi akilitaka amechelewa. Mhadhara upo Alhamisi saa kumi jioni. Akifunga ukumbi, tutakaa kwenye ngazi. Ripoti nitaisoma mimi, na nikiulizwa boksi lilikuwa wapi miaka yote hiyo, nitasema lilikuwa kwetu. Fundi saa ameahidi kuja, na amesema atapita lango la mbele.

Nisalimie Mama, umwambie shuka yake nimeifua. Wasalimie kaka zangu na watoto wao, na majirani wote wanaoniulizia.

Ile kadi sijaijaza. Iko juu ya dawati langu na penseli niliyokwisha kuichonga, na nimekuwekea kiti cha pembeni, mstari wa mbele, upate kulinyoosha goti. Njoo uandike mwenyewe kwamba umelirudisha. Usipotokea, mhadhara ukiisha nitaandika jina langu, na jina langu, Baba, linaishia na lako.

Ni mimi binti yako,
mtunza nyaraka uliyemfundisha mwenyewe.