Yowe Nililopiga Ilomba

Jumatatu, 3 Machi
Klara kaamka mapema, kaosha vyombo. Nimemnyang'anya sufuria mkononi. Mgeni haoshi vyombo nyumbani kwangu, hata akiwa Mjerumani. Hasa akiwa Mjerumani.

Vyuo vimebadilishana watoto. Wao wametuletea Klara hapa Ilomba, Mbeya, sisi tumewapelekea Atupele wangu. Mimi darasa la saba, lakini tumbo hili limezaa mtu wa kupanda ndege. Kwaya yote inajua. Wasiosikia vizuri nimewarudia.

Mama Neema wa nyumba ya pili kauliza kama mzungu anakula ndizi zetu. Nikamwambia anakula na kuongeza. Kula anakula. Kuongeza, bado.

Alhamisi, 6 Machi
Viatu vya Klara vimeibwa. Alivianika ukutani, mvua ilikuwa imekatika kidogo. Yeye kacheka, kasema ni viatu tu. Mimi sikucheka. Mtoto wangu anatunzwa huko kwao, halafu huku kwangu mgeni anatembea na ndala zangu. Mama Neema kaziona zile ndala.

Nimeapa. Kitu kingine cha huyu mtoto kisitoke kwenye geti langu.

Jumapili, 9 Machi
Mtaa wa Iyunga wamechoma mtu. Alikamatwa akiwa na betri ya gari, wakasema ya wizi. Tulipita pale tukitoka ibadani, sikujua, ningezunguka. Tairi lilikuwa bado linatoa moshi. Mguu mmoja ulikuwa na soksi.

Klara katapika barabarani. Nyumbani akauliza kwa nini hawakuita polisi. Nikamweleza polisi wanamshika mwizi asubuhi, jioni mnakutana naye sokoni anakusalimia. Akauliza, na kama si yeye aliyeiba? Nikasema watu wanajua. Nilisema hivyo huku nakatakata kabichi. Nililala vizuri.

Jumanne, 11 Machi
Pikipiki ya Ambakisye imeibwa. Huyu ndiye muuza nyama wa kona, nimemjua akiwa anatambaa. Kikao cha mtaa kikaitwa. Tukakubaliana: yowe likipigwa, kila nyumba itoke, na chochote kilicho mkononi. Asiyetoka ataulizwa anamficha nani.

Nilisimama nikaongea. Niliongea vizuri, walipiga makofi. Nilisema nina mtoto wa watu ndani, wa nchi nyingine, siwezi kuaibika. Ambakisye akasema mama Atu ukipiga yowe sisi tumeshafika. Nikajisikia mkubwa.

Jumamosi, 15 Machi
Sitaki kuandika. Naandika hivyo hivyo.

Nilitoka dukani na mafuta ya kula. Kijana katoka kwenye geti langu. Simjui. Begani ana begi la bluu la Klara, lile la kompyuta. Anatembea haraka, mvua ilikuwa inaanza. Hakuna mtu aliyesimama mlangoni kumsindikiza. Nikamwita, akageuka, akasema kitu na kuonyesha nyumba. Sikusikiliza. Nilipiga yowe.

Nina sauti. Kwaya wanaijua. Lilifika mpaka barabara kuu.

Kijana akakimbia. Hilo ndilo lililommaliza, kukimbia. Wa kwanza alimtega mguu. Wa pili alikuwa na mpini wa jembe. Ambakisye alikuja na aproni yake ya buchani. Walimpiga mpaka fito zikakatika, wakachukua mawe. Nilisikia taya lilivyovunjika. Ni sauti kama ya muhogo mkavu. Na mimi nilimpiga. Chupa ya mafuta, begani. Niandike na hilo, maana ni kweli. Nilimpiga nikasema viatu viko wapi.

Halafu Klara akatoka na povu la sabuni kichwani. Alikuwa bafuni. Alikuwa analia kwa Kijerumani, kisha Kiswahili kikamjia: ni fundi, ni fundi, nimempa mimi.

Kijana anaitwa Festo, fundi wa kompyuta pale stendi, wa Iringa. Klara kampigia simu kwamba kioo kimekufa, aje achukue. Alipokuwa anakwenda kuoga akamwambia kwa simu mlango uko wazi, begi liko mezani, chukua tu. Kwao ndivyo. Huku hakuna mtu anayeingia nyumba isiyo na mtu sebuleni akatoka na kitu, hata mtoto wa dada yako. Anapiga hodi, anangoja mwenyeji ampe mkononi. Festo analijua hilo. Alipiga hodi mpaka akachoka, Klara akawa anamjibu kutoka bafuni aingie. Akamtii mzungu. Ndiyo maana alikuwa anatembea haraka. Aliona aibu.

Nikapaza sauti kwamba nimekosea. Hawakunisikia. Waliosikia wakasema mama kaingiwa na huruma, wanawake ndivyo walivyo. Klara alimlalia Festo, akapigwa fimbo ya mkono, fimbo haikuuliza mkono ni wa nani. Ambakisye alikuwa ameshatoa petroli kwenye pikipiki ya mtu. Kidumu cha njano. Akamvuta Klara kwa nywele kumtoa, akammwagia Festo miguuni.

Nikafungua kitenge.

Nilikiacha kikaanguka kwenye tope. Nikavua blauzi na nguo ya ndani. Nikasimama juu ya yule kijana, mguu huku na mguu huku, kama siku niliyozaliwa, mbele ya Ilomba nzima. Nikasema:

"Nusu yenu nimewaogesha mimi. Anayetaka kuwasha, awashe huku ananitazama."

Mwanaume haangalii uchi wa mama yake. Akiuangalia kwa kusudi, kwetu hawezi kulala tena vizuri. Wakageuza nyuso. Mmoja mmoja, kisha wote. Ambakisye alikuwa wa mwisho. Alishika kiberiti, macho kayainamisha, analia kama mtoto. Akaniambia, "Mama, vaa. Nakuomba vaa." Nikasema kiberiti kwanza. Akakitupa kwenye mtaro.

Mama Neema ndiye alinifunika.

Jumapili, 16 Machi
Sikwenda kanisani. Festo anapumua.

Jumatano, 19 Machi
Hospitali. Jicho la kushoto limekwenda. Taya limefungwa kwa waya. Mbavu. Daktari anaongea na mimi bila kunitazama, sijui ni kwa sababu ya yowe au ya kitenge. Habari zote mbili zimefika huko.

Mjumbe wa mtaa alikuja kunishauri niseme ni wananchi wenye hasira, basi, ndivyo huandikwa. Nikaenda polisi nikasema yowe ni langu na chupa ni yangu. Afande akauliza nani mwingine. Nikamtaja Ambakisye. Jioni wakamchukua akiwa anakata nyama. Mimi wameniambia nisisafiri bila kutoa taarifa. Mama yake Ambakisye katema mate mbele ya geti langu. Sawa.

Ijumaa, 28 Machi
Klara anafunga mlango wake kwa ufunguo. Mwanzo nilidhani anaogopa vijana. Leo nilimpelekea chai, nikasikia anasogeza kiti kuzuia mlango. Ananiogopa mimi.

Mkono wake umevimba mpaka kwenye vidole. Chuo kimempa nafasi ya kurudi kwao, kakataa, kila siku anakwenda kukaa na Festo. Kwangu harudi ila kulala.

Atu kapiga simu. Kajua kila kitu, Klara alimwandikia. Alikuwa ananiuliza kitu kimoja tu.

"Mama, ulimpiga na wewe?"

Nikasema ndiyo. Akakata. Ningesema mtandao, lakini mtandao wa huko haukatiki.

Jumamosi, 12 Aprili
Iringa. Nilitoa taarifa, wakaniruhusu siku mbili. Klara alikuja nami, alikaa kiti cha nyuma.

Mama yake Festo anakaa juu ya kilima, baridi kuliko kwetu. Alimchukua mwanawe hospitalini aje amuuguze mwenyewe. Tulipiga hodi, tukasimama nje. Alichelewa kuitikia. Tukasimama. Alipotoka akasema "Kamwene," kama anavyomsalimia mtu yeyote, akatuonyesha viti.

Nilikuwa nimeandaa maneno njia nzima. Nikapiga magoti, yakaisha. Hakuniinua, hakuniambia nibaki chini. Alikuwa anapooza uji, anaumimina kutoka kikombe hiki kwenda hiki. Akaniambia Festo ndiye wa kwanza ukoo wao kufika chuo cha ufundi. Kwamba redio ya mchungaji aliitengeneza akiwa mdogo. Alisema mengi. Nilisikiliza yote.

Kisha akanipa kikombe na mrija.

"Mnyweshe wewe."

Festo alikuwa amelala kitandani ndani. Nilipoingia mwili wake wote ulikaza, mpaka kitanda kikalia. Nikasimama palepale mpaka kilipoacha. Klara alikaa upande wa jicho zima, akamshika mkono.

Nikasogeza mrija. Alifunga midomo muda mrefu. Uji ukaanza kupoa.

Akafungua, akanywa kidogo. Akanywa tena. Hakunitazama.