Gari Linalolala Likitazama Bondeni

Jumanne, 4 Juni

Ofisi imeuza gari letu la mwisho. Mhariri ametangaza akiwa amesimama mlangoni, nusu ndani nusu nje, kama mtu aliyeacha chungu motoni. Kuanzia sasa kila mwandishi atafika kwenye tukio anavyojua mwenyewe. Mpiga picha akauliza kama na moto utaombwa utusubiri. Hakuna aliyecheka sana.

Habari nitazifuata hata kwa miguu, nimezoea. Shida yangu ni nyingine. Binti yangu anakuja Jumamosi na mumewe, wakae kwangu mpaka ajifungue, maana kwangu ni karibu na hospitali kubwa kuliko kwao. Daktari amemwambia neno moja tu: uchungu ukianza, njoo. Usisubiri kupambazuke, usisubiri uzidi.

Mara ya kwanza walisubiri gari barabarani. Lilikuja. Lilichelewa. Alikuwa mtoto wa kiume.

Na huku kwetu kilimani teksi hazipandi kabla ya jua kutoka. Madereva wanasema barabara yetu inakula springi. Gari la wagonjwa ni moja, na ukipiga simu daima liko upande wa pili wa mji.

Nahitaji gari. Lolote linalotembea.

Alhamisi, 6 Juni

Nimelipata. Dizeli, dogo, rangi iliyowahi kuwa bluu. Mlango wa abiria unafunguka kwa nje tu. Kiti cha dereva kina shimo la mtu mzito aliyekikalia miaka mingi – si huyu anayeuza, huyu ni mwembamba. Mpima ardhi mstaafu. Mpole, anaongea kama anasoma ramani.

Nimemhoji kama ninavyohoji watu wote. Tangu lini, nani mwingine ameliendesha, liligongwa wapi, kwa nini unauza. Majibu yote yamenyooka. Anauza kwa sababu ya macho. Amesema gari hili halinywi mafuta, linanusa tu.

Nilifika asubuhi mapema, baridi ya kuuma vidole. Paka wake alikuwa juu ya boneti, amejikunja kama kata ya kichwani. Tukamshusha. Mzee akageuza ufunguo, likawaka papo hapo. Nimezunguka nalo mtaa mmoja. Linatikisika kama mashine ya kusaga, ila linakwenda.

Nimenunua. Naona bei ilikuwa ndogo mno kwa gari lisilo na neno. Nimechoka kutafuta, nikaliacha wazo hilo pale pale.

Ijumaa, 7 Juni

Haliwaki.

Ile taa ya njano – inayokuambia usubiri injini ipate joto kidogo kabla ya kuwasha – ilijitokeza, ikazimika kama kawaida. Nikageuza ufunguo. Likazunguka, likakohoa, kimya. Tena. Likatoa moshi mweupe mzito uliovuka ukuta na kutua kwenye nguo alizoanika jirani yangu, mshonaji. Akachungulia kuniuliza ninapika nini humo. Nikamjibu nimenunua gari. Akasema pole.

Halafu akaongeza: "Rahisi huvunja upishi, jirani."

Jua lilipopanda likawaka mara moja, kana kwamba halijawahi kunikosea.

Jioni nimesoma tena niliyoandika jana. Nimeandika baridi. Nimeandika paka. Na paka halali juu ya chuma baridi! Yule mzee alilipasha gari kabla sijafika. Nimetumia miaka thelathini kuwauliza watu maswali. Paka alinijibu bila kuulizwa, nikamshusha.

Jumapili, 9 Juni

Wamefika jana. Binti yangu amenenepa uso, miguu imevimba. Amesimama mbele ya gari, mikono kiunoni, akalitazama toka taa hadi taa. Akasema ameona mbuzi wenye afya kuliko hili. Kisha uso ukabadilika, akauliza swali lenyewe.

"Baba, lakini linawaka?"

Nikamwambia linawaka. Ilikuwa saa sita mchana, jua kali. Nikaliwasha mbele yake, likawaka. Kwa hiyo sikusema uongo. Maneno ya namna hiyo nimeyasikia kwa madiwani wengi.

Sikumweleza ya asubuhi. Daktari hataki presha yake ipande, na huyu akiwa na wasiwasi halali. Nitamwambia akishajifungua, tutacheka.

Mkwe wangu ni seremala. Kijana mzuri, ila heshima yake inachosha. Haketi kabla sijaketi. Haniulizi kitu moja kwa moja. Anazunguka kama mtu anayetafuta mlango wa nyumba ya mviringo. Na mimi naona vibaya kumwonyesha upungufu wangu. Basi tunaketi sebuleni, yeye ukingoni mwa kiti, mimi nimejificha nyuma ya gazeti, tunasifu hali ya hewa.

Jumatano, 12 Juni

Nimelipeleka kwa fundi. Wanamwita Sikio, kwa sababu hugusisha ncha ya bisibisi kwenye injini na kuweka mpini sikioni, akasikiliza kama daktari. Nimeficha safari. Nyumbani nimesema naenda kwenye kikao cha maji.

Sikio anasema hita zimekufa, zile plagi ndogo za kupasha injini ya dizeli. Akajaribu kufungua ya kwanza. Ikakatikia ndani. Akaganda na spana mkononi, akanitazama, akaitazama spana, akasema hizo nyingine hagusi. Ili kuitoa iliyokatika lazima afungue kichwa cha injini, na gari likae kwake wiki mbili au zaidi.

Wiki mbili sina. Nikamuuliza nifanye nini mpaka mtoto azaliwe.

"Mzee, gari lako linaogopa baridi," akasema. "Mteremko haliogopi. Lilaze likitazama bondeni."

Jumamosi, 15 Juni

Nimeliweka barabarani, nje ya lango, pua bondeni, jiwe chini ya gurudumu la mbele. Alfajiri natoka na koti juu ya nguo za kulala. Naondoa jiwe. Naingia. Linajivuta, linashuka, linapata kasi mbele ya nyumba ya mshonaji. Gia ya pili, naachia klachi – linashtuka kama mtu aliyemwagiwa maji, halafu linanguruma. Kila siku. Halijanikatalia hata mara moja. Nalizungusha, nalirudisha, naweka jiwe.

Hata usiku tungetoka. Nimehakikisha.

Mshonaji ameshajua, maana hakuna siri mbele ya dirisha lake. Amesema gari langu ni kama marehemu mume wake, kulitoa kitandani lazima ulisukume. Nimemwomba asimwambie binti yangu. Ameapa. Anapenda sana kuapa.

Mkwe amezunguka zunguka jioni hii. Alianza na wezi. Akaja kwenye umande unavyoharibu rangi ya magari. Akafikia kwamba ua wetu una nafasi. Nikaelewa anauliza kwa nini gari linalala nje. Nikasema lango ni jembamba, kulipitisha kila siku nitalikwaruza. Akainamisha kichwa, akasema ni kweli, baba.

Jumatano, 19 Juni

Kikao cha halmashauri, saa nne hadi kumi. Ajenda: barabara za mitaani. Azimio: kitaitwa kikao kingine. Kichwa cha habari kimejiandika.

Mpiga picha ameomba lifti. Amekaa na mlango usiofunguka kwa ndani, akaninong'oneza kwamba anaelewa sasa mahabusu wanavyojisikia.

Mgongo. Macho. Baridi inazidi. Naamka kabla ya majogoo kwa ajili ya jiwe. Nimechoka kwa namna ambayo usingizi hauitibu.

Jumamosi, 22 Juni

Kliniki. Mtoto ameshuka, wakati wowote sasa. Binti yangu alikaa kiti cha nyuma, miguu juu ya begi la hospitali, begi ambalo halitoki tena garini. Njiani amelitania gari, ameliita Mzee Kikohozi. Tulipokuwa tunashuka kilima akaweka mkono begani mwangu, akauacha hapo mpaka chini.

Ninaendelea kusema linawaka. Linawaka.

Jumanne, 25 Juni

Nimerudi kutoka kazini, lango halipo!

Mkwe ameling'oa. Amehamisha nguzo moja, amechonga ubao mpya, ananing'iniza lango pana linaloweza kupitisha lori. Amefanya kazi siku nzima, vumbi la mbao mpaka kwenye kope. Hakusema amefanya kwa sababu gani. Alisema tu kwamba alikuwa na muda, na kwamba mikono ikikaa bure inaharibika.

Nilipaswa kusema pale pale. Sentensi moja: gari haliwaki asubuhi bila mteremko. Nimeandika sentensi ngumu kuliko hiyo kuhusu watu wenye bunduki. Lakini binti yangu alikuwa amesimama kizingitini anatabasamu, anajivunia mume wake. Nikashukuru. Nikasifu kazi. Kazi yenyewe ni safi.

Nikasema gari nitaliingiza rangi ya lango ikishakauka. Ua wetu umeinama kuelekea nyumba. Gari likiingia humo, pua itatazama ukuta na mkia utatazama kilima. Litakuwa kaburini.

Alhamisi, 27 Juni

Rangi imekauka. Nimesema naona bado inanata. Mkwe ameigusa kwa kidole, akakitazama kidole, kikavu. Akasema, ni kweli, baba.

Jumamosi, 29 Juni

Ghala la mbao limeungua, chini mjini. Siku mbili huko, jana na leo, moshi, maji ya zimamoto mpaka magotini, mwenye mali anazunguka na kiatu kimoja. Hakuna aliyekufa. Nimetuma habari, nimerudi. Magharibi. Nimeegesha, pua bondeni, jiwe. Ufunguo msumarini nyuma ya mlango. Binti yangu analalamika mgongo. Nimemuuliza kama ni uchungu, amesema ni mgongo tu.

Nalala kungali na mwanga. Siwezi kushika kalamu.

Jumapili, 30 Juni

Ndani ya gari. Alfajiri, bado giza jepesi. Naandika kwa sababu nimeambiwa nisubiri, na mikono lazima ishike kitu.

Mkwe alibisha mlango wa chumba changu. Ameanza, baba. Sauti haikutetemeka. Akasema nisiharakishe viatu, kila kitu kiko tayari, begi limo, gari ameliingiza ndani.

Nikamwuliza ndani wapi.

Jana nilipolala aliliosha, taa hadi taa, akaliingiza uani. Likawaka mara moja, amesema, halikumsumbua kabisa. Bila shaka. Lilikuwa bado na joto la safari yangu ya kutoka kwenye moto. Alitaka niamke nilikute limelala ndani ya lango alilonipanulia. Alidhani naona haya kutoka langoni kinyumenyume mbele za watu. Ndivyo anavyodhani mkwe mwema ambaye hawezi kuuliza, kuhusu mzee ambaye hawezi kusema.

Nimejaribu mara tatu. Moshi mweupe umejaa ua mzima. Mara ya tatu betri imevuta pumzi ndefu, ikanywea. Gari la wagonjwa liko upande wa pili. Dereva teksi amesema kukikucha.

Kwa hiyo nimesema. Mbele ya wote wawili, gari likiwa limekufa katikati yetu. Haliwaki kwenye baridi. Halijawahi kuwaka. Lazima lishuke. Nilijua toka siku ya pili.

Binti yangu yuko nyuma yangu. Alikuwa akipumua kwa kuhesabu, akaacha kuhesabu.

"Niliuliza, baba."

Nikasema ndiyo, uliuliza.

Mkwe alivua koti, akaweka bega kwenye boneti. Mimi usukani, mlango wazi, mguu mmoja nje nasukuma. Mshonaji ametoka bila kuitwa, kitambaa kichwani, akaweka bega la pili. Kinyumenyume, kupanda, kuelekea lango. Tumefika nusu ya ua. Hapo limegoma, linarudi likizidi kuwa zito kuliko sisi. Mshonaji ameweka tofali chini ya gurudumu. Mkwe amekimbilia nyumba za jirani kutafuta mabega mengine. Namsikia akigonga milango. Hazunguki. Anasema mke wangu anazaa, tokeni. Hilo tu, mlango hadi mlango.

Kati ya maumivu na maumivu muda umefupika. Mshonaji amemshika mkono kupitia dirishani, anamwambia mtoto anayekuja na vurugu hivi lazima atakuwa mwanasiasa. Binti yangu amecheka kidogo, kisha hakucheka. Ameniona kwenye kioo.

"Unaandika nini?"

Nikasema naandika yanayotokea.

"Andika limewaka."

Siandiki lisilotokea. Sijawahi. Nimemwambia bado, mama. Bado mita chache tufike langoni, kisha tuligeuze, kisha mteremko. Amefumba macho.

Viatu barabarani. Vingi. Kuna mwenye tochi. Wanaingia bila salamu, wanaume watano, hapana sita, wanajipanga mbele ya boneti. Lango pana. Wote wanaenea, hata gari likikaa upande. Lingekuwa lile la zamani tungekwama hapa.

Mkwe amekuja kwenye mlango wangu. Anahema. Ananitazama usoni, jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu aoe kwangu. Hakuniita baba.

"Acha kuandika. Shika usukani."