Biskuti za Kibonge

Shoga uko? Usinipigie, nitalia. Soma tu.

Paka wangu Kibonge nusura afe leo! Asubuhi nimempa chakula chake, nikamchoma insulini kama daktari alivyoagiza. Baadaye namkuta jikoni anapepesuka kama mlevi, mara kaanguka, miguu inatetemeka.

Nikampigia daktari. "Sukari imeshuka mno! Mpake asali kwenye fizi, umlete haraka." Nimempaka, nikamkimbiza.

Kliniki akazinduka. Daktari ananiuliza, "Mama, kuna kitu kingine alikuwa anakula?" Nikaapa hakuna. Unajua nilivyombana tangu aonekane ana kisukari. Ila sukari iligoma kushuka, ndiyo maana tukaongeza dozi.

Nikampigia shemeji yako, kasafiri jana. Nikamuuliza kama kuna anachompa. Akasema: "Biskuti tu, mke wangu. Ukishaenda kazini. Alikuwa ananililia."

Biskuti TU!

Shoga, mume wangu ndiye aliyekuwa ananishikia huyo paka nimchome! Nikilia kwamba dawa haifanyi kazi, ananifuta machozi, "Vumilia, itafanya." Kweli kikulacho ki nguoni mwako.

Kumbe dozi ile ilikuwa ya paka anayekula biskuti kwa siri. Leo hakuwepo wa kumpa, dawa ikamwangusha.

Na sindano nilishika mimi. Angekufa ningejiita muuaji maisha yangu yote, na yeye angenishika bega, ananipa pole.